Mtoto Aliyezaliwa Kabla ya Siku Zake

Tuanze somo letu kwa mifano miwili.

Mama wa kwanza anaishi mlimani, katika wilaya ya Mbinga. Ni mwezi wa Machi. Watu wanatengeneza ngoro ili wapande maharage. Mume amekwisha kufyeka majani na kuyapanga shambani. Sasa ni kazi ya mke kuchimba udongo na kuyafukia majani hayo. Mke huyo ana mimba ya miezi saba. Analima tangu asubuhi mpaka jua linapinduka. Jioni anarudi nyumbani na mzigo wa kuni kichwani. Usiku tumbo linakaza, linaachia, kisha linakaza tena. Anasema moyoni, "Ni uchovu tu, kesho utaisha." Kabla ya jogoo kuwika mtoto amezaliwa. Ni mdogo sana, anaenea katika viganja viwili. Nje kuna ukungu na baridi kali.

Mama wa pili anaishi kando ya Ziwa Nyasa. Huyu ni msichana wa miaka 17, na hii ni mimba yake ya kwanza. Huko ziwani joto ni jingi na mbu ni wengi. Amepata homa mara mbili. Mara zote mbili amemeza vidonge vya maumivu tu, akalala. Kliniki hajakwenda hata mara moja, kwa sababu anaona haya. Yeye naye anajifungua katika mwezi wa saba.

Je, watoto hawa wawili watapona? Jibu linategemea mambo watakayofanya watu wa nyumbani katika saa za kwanza. Tena linategemea mambo yaliyofanyika, na yale yasiyofanyika, tangu mimba ilipoingia. Hayo ndiyo tutakayojifunza leo.

SIKU ZA MTOTO NI NGAPI?

Mimba kamili huchukua majuma 40. Tunahesabu kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Mtoto akizaliwa kabla ya kutimiza majuma 37, siku zake hazijatimia. Mtoto huyo huitwa mtoto njiti.

Mtoto njiti si mtoto mwenye kasoro. Ni mtoto aliyetoka nyumbani kwake mapema. Mapafu yake hayajakomaa, kwa hiyo huenda akashindwa kupumua vizuri. Hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi, kwa hiyo hupoa upesi. Hana nguvu ya kunyonya, kwa hiyo huona njaa bila kulia. Mwili wake hauwezi kupigana na magonjwa. Pumzi, baridi, njaa na magonjwa: hao ndio maadui wanne wa mtoto njiti.

Pengine umesikia watu wakisema kuwa mtoto wa miezi saba hupona kuliko mtoto wa miezi minane. Maneno hayo si ya kweli. Kila juma ambalo mtoto anakaa tumboni linamwongezea nguvu.

Sasa tufanye hesabu. Chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Ongeza miezi tisa, kisha ongeza siku saba. Utapata siku ya kutazamia kujifungua.

Mfano: Hedhi ya mwisho ilianza tarehe 10 Januari. Ukiongeza miezi tisa unapata tarehe 10 Oktoba. Ukiongeza siku saba unapata tarehe 17 Oktoba. Majuma 37 yatatimia tarehe 26 Septemba. Mtoto akizaliwa kabla ya tarehe hiyo, ni njiti.

Unaona faida ya kujua kusoma na kuhesabu? Mama anayeandika tarehe zake anajua kama uchungu umekuja kwa wakati au umekuja mapema. Mama asiyeandika hubahatisha.

HESABU YA NCHI YETU

Tutazame hesabu nyingine. Mwaka 2010 ulifanyika utafiti wa taifa juu ya afya ya mama na mtoto. Ulionyesha kuwa katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai Tanzania, 81 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa idadi hiyo imeshuka hadi 43. Haya ni maendeleo makubwa. Chanjo, vyandarua na dawa za malaria vimeokoa watoto wengi.

Lakini tazama watoto wachanga, yaani wale ambao hawajatimiza mwezi mmoja. Mwaka 2010 walikufa 26 katika kila 1,000. Mwaka 2022 walikufa 24. Hesabu hiyo imeshuka kidogo mno. Zamani karibu theluthi moja ya vifo vya watoto ilitokea katika mwezi wa kwanza. Sasa ni zaidi ya nusu. Tumewalinda watoto wanaotambaa na wanaotembea, lakini mtoto wa siku tatu bado hatujamlinda vya kutosha. Na kuzaliwa kabla ya siku ni moja ya sababu kubwa za vifo vya wachanga.

Jambo hili si letu peke yetu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 watoto milioni 13.4 walizaliwa njiti duniani. Hiyo ni sawa na mtoto mmoja katika kila kumi. Mwaka 2010 ilikuwa hivyo hivyo, mmoja katika kumi. Miaka kumi ilipita na idadi haikupungua. Wenzetu wa ng'ambo ya ziwa, nchi ya Malawi, wana hesabu kubwa zaidi. Mwaka 2020 ilikadiriwa kuwa huko watoto kati ya 14 na 15 katika kila 100 walizaliwa kabla ya siku zao.

KWA NINI MTOTO HUJA MAPEMA?

Mara nyingi hata madaktari hawapati sababu. Lakini yapo mambo yanayojulikana kuwa huongeza hatari. Yasome polepole, moja baada ya jingine.

1. Malaria. Mwambao wa Ziwa Nyasa uko chini, kwenye joto, na mbu huzaliana sana. Malaria hujificha katika kondo la nyuma, humnyima mtoto chakula, na humpunguzia mama damu. Mama anaweza kuwa nayo bila kuona homa kali. Mtu wa mlimani naye asijidanganye. Akishuka ziwani kununua dagaa au kuwaona ndugu, anaweza kurudi na malaria.

2. Upungufu wa damu. Huletwa na chakula duni, malaria, minyoo na kichocho. Kichocho hupatikana katika maji tunayooga na kufulia.

3. Magonjwa ya njia ya mkojo, kaswende na maambukizo mengine. Mengi huonekana kwa vipimo tu. Mengi hutibika.

4. Shinikizo kubwa la damu. Huleta kifafa cha mimba, ambacho kinaweza kumwua mama na mtoto pamoja.

5. Umri mdogo. Mwili wa msichana bado unakua. Mimba nayo inataka kukua. Wawili hao hugombea chakula kimoja. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa wasichana 22 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kupata mimba.

6. Mimba za kufuatana. Mwili wa mama ni kama shamba. Shamba lisilopumzishwa huchoka. Baada ya kujifungua, inafaa ipite miaka miwili kabla ya kushika mimba nyingine.

7. Mimba ya mapacha, au kuwa ulikwisha kuzaa mtoto njiti zamani. Mama huyu aangaliwe kwa makini zaidi.

8. Kazi nzito, pombe, tumbaku na kupigwa. Kusimama kutwa nzima na kubeba mizigo mizito huongeza hatari. Mume anayempiga mke mwenye mimba anawapiga watu wawili.

Ndugu msomaji, tazama tena orodha hii. Ni mangapi kati ya hayo ambayo mama anaweza kuyaondoa peke yake? Ni machache. Chandarua hununuliwa kwa fedha ya nyumba. Mzigo wa kuni hupunguzwa na mtu wa pili. Umri wa kuolewa huamuliwa na wazazi. Kwa hiyo mtoto njiti akizaliwa, usiulize, "Mama huyu amefanya nini?" Usitafute mchawi, wala usimshutumu mama kwa uzinzi. Maneno hayo hayamwongezei mtoto hata pumzi moja. Humwongezea mama huzuni, na huzuni inaweza kumpunguzia maziwa.

MAMBO YA KUFANYA WAKATI WA MIMBA

Nenda kliniki mapema, kabla ya kutimiza miezi mitatu. Usingoje tumbo lionekane. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mama ahudhurie mara nane. Huko utapimwa damu, mkojo na shinikizo la damu. Utapewa vidonge vya kuongeza damu. Kuanzia mwezi wa nne utapewa dawa ya SP ya kukinga malaria, kila baada ya mwezi mmoja. Mweleze mhudumu dawa zote unazotumia, kwa sababu dawa nyingine hazipatani na SP.

Lala ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku, hata usiku wa baridi. Kula vyakula vilivyo karibu nawe: maharage, dagaa, majani ya maboga, mayai, matunda. Baba wa nyumba asichague minofu akamwachia mama mchuzi.

Baba, msindikize mkeo kliniki. Chota maji. Beba kuni. Mwezi wa ngoro ukifika, tafuta mtu wa kumsaidia kuchimba. Ukiuza kahawa au dagaa, weka akiba ya nauli na ya kujifungulia. Fedha hiyo isiguswe kwa jambo jingine lolote.

DALILI ZA HATARI

Mama mwenye mimba akiona mojawapo ya dalili hizi, aende hospitali mara moja. Asingoje asubuhi.

- Tumbo linakaza na kuachia mara kwa mara, na siku hazijatimia.
- Maji yanatoka ukeni.
- Damu inatoka, hata kama ni kidogo.
- Kichwa kinauma sana, macho yanaona kiwi, au uso umevimba.
- Ana homa.
- Mtoto hachezi tumboni kama kawaida.

Kwa nini asingoje? Kwa sababu hospitali inaweza kumpa mama sindano ya kusaidia mapafu ya mtoto yakomae. Sindano hiyo hufanya kazi mtoto akiwa angali tumboni. Mtoto akisha kuzaliwa, nafasi hiyo imepita. Mama wa mlimani katika mfano wetu alikuwa na usiku mzima wa kutafuta msaada. Hakujua kuwa tumbo lake lilikuwa linasema naye.

Panga safari mapema. Jua hospitali iliyo karibu nawe, kama ni Litembo, Mbinga, Liuli au Peramiho. Barabara ya kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ina kilomita 66, na sasa ina lami. Lakini vijiji vingi viko mbali na lami, na ziwa likichafuka mitumbwi haitoki. Kwa hiyo mfahamu mwenye pikipiki au gari, na uwe na namba yake ya simu kabla ya siku ya shida.

MTOTO AMEZALIWA: FANYA NINI?

Tuseme mtoto njiti amezaliwa nyumbani au njiani. Usikate tamaa, wala usimfunge katika nguo ukamweka kando. Fanya hivi:

Kwanza, mkaushe mtoto upesi kwa kitambaa safi na kikavu. Usimwogeshe. Maji humwibia joto.

Pili, mvalishe kofia na soksi, na nepi tu kiunoni. Mweke wima juu ya kifua cha mama, katikati ya matiti, ngozi kwa ngozi. Geuza kichwa chake upande mmoja ili pua na mdomo viwe wazi. Kisha mfunge mama na mtoto pamoja kwa kitenge, na ongeza blanketi juu yao.

Tatu, mpe titi. Maziwa ya kwanza, yale ya manjano, usiyamwage. Hayo ni chakula na kinga yake ya kwanza. Kama hawezi kunyonya, mama akamue maziwa katika kikombe safi, na mtoto anyweshwe kidogo kidogo. Usimpe maji, uji wala dawa za miti.

Nne, nendeni hospitali mtoto akiwa hapo hapo kifuani. Mtoto asiyepumua vizuri anahitaji mikono ya mtu aliyefundishwa.

Usimweke mtoto karibu na moto wa jikoni. Moshi huumiza mapafu yake, na moto unaweza kumchoma. Joto la kifua cha mama halizidi wala halipungui. Halihitaji kuni wala umeme.

Njia hii huitwa huduma ya kangaruu. Kangaruu ni mnyama wa Australia. Huzaa mtoto mdogo sana, kisha humlea katika mfuko ulio tumboni mwake mpaka apate nguvu. Mwaka 1978, katika mji wa Bogotá, nchini Colombia, daktari Edgar Rey aliona kuwa mashine za kuwapa watoto joto ni chache na watoto ni wengi. Aliwapa akina mama watoto wao wawabebe kifuani. Njia hiyo ikaenea katika nchi nyingi. Huko Malawi, hospitali ya Zomba ilianza kuitumia mwaka 1999.

Je, njia hii ni ya maskini tu, kwa kuwa hawana mashine? Hapana. Hospitali tano kubwa ziliipima, katika nchi za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania. Hapa kwetu ilikuwa Muhimbili. Walipimwa watoto 3,211 wenye uzito wa kilo moja hadi kilo 1.8. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021. Kati ya kila watoto 100 ambao hawakuanza na kifua mapema, bali waliwekwa kwanza mahali pa joto, walikufa karibu 16. Kati ya kila 100 waliowekwa kifuani mara baada ya kuzaliwa, walikufa 12. Wote walikuwa hospitalini, na wote walitibiwa. Tofauti ilikuwa kifua. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri kuwa mtoto njiti awekwe kifuani mapema, kwa saa 8 hadi 24 kila siku.

Kwa hiyo hospitali na kifua hufanya kazi pamoja. Kimoja hakichukui nafasi ya kingine.

Mtoto akirudi nyumbani, endeleeni kumbeba mchana na usiku. Mama alale ameegemea mito, si chali kabisa. Akichoka, baba ampokee mtoto kifuani kwake. Bibi naye anaweza. Kifua cha mwanamume kina joto vile vile. Huko mlimani, katika baridi ya Juni na Julai, jambo hili ni la lazima. Endeleeni hadi mtoto afikishe kilo 2 na nusu, au mpaka mwenyewe aanze kupiga teke na kukataa kufungwa. Msikose siku za kumpima. Akiacha kunyonya, akipumua kwa shida, akiwa baridi au akiwa na homa, mrudisheni hospitali bila kukawia.

KIJIJI KIFANYE NINI?

Wazee wetu wanaukumbuka mwaka 1973. Mwaka huo watu walikusanyika katika vikundi kuizunguka redio, katika kampeni ya Mtu ni Afya. Walisikiliza, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Hawakungoja mtu wa kutoka mbali aje kuwachimbia.

Sisi nasi tunaweza. Kijiji kinaweza kuwa na mfuko wa nauli ya wajawazito. Darasa hili linaweza kumsaidia kila mama mwenye mimba kuandika tarehe zake. Wakunga wa jadi wanaweza kuwa wa kwanza kuwapeleka kina mama kliniki. Kina baba wanaweza kukubaliana kuwa mwanamke mwenye mimba habebi gunia.

Sasa turudi kwa mama zetu wawili. Tuseme yule wa mlimani ana jirani aliyesoma somo hili. Jirani anaingia, anamtoa mtoto katika nguo baridi, anamweka kifuani mwa mama yake, kisha anampigia simu mwenye gari. Na tuseme yule msichana wa ziwani ana shangazi aliyesoma somo hili. Shangazi hangojei homa ya pili. Anamshika mkono, anampeleka kliniki, naye anakaa naye kwenye foleni mpaka haya imwishe.

Jirani huyo anaweza kuwa wewe. Shangazi huyo anaweza kuwa wewe.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Mtoto njiti ni mtoto wa namna gani?
2. Maadui wanne wa mtoto njiti ni nani?
3. Kwa nini mama mwenye uchungu wa mapema asingoje asubuhi?
4. Katika kijiji chetu, ni kazi zipi nzito wanazofanya wanawake wenye mimba? Nani anaweza kuzipokea?
5. Kutoka hapa hadi hospitali ni umbali gani? Usiku tungekwenda kwa njia gani?

HESABU

Mama alianza hedhi yake ya mwisho tarehe 5 Machi. Anatazamia kujifungua lini?

KAZI YA KUFANYA

Chukua kitenge na mwanasesere wa nguo. Jifunze kumfunga kifuani kwa njia ya kangaruu. Kisha mfundishe mtu mmoja nyumbani ambaye hakuja darasani.

MANENO MAPYA

hatari: jambo linaloweza kuleta madhara
kondo la nyuma: kinachomlisha mtoto tumboni, hutoka baada ya mtoto kuzaliwa
kukadiria: kutoa hesabu iliyo karibu na kweli
njiti: mtoto aliyezaliwa kabla ya majuma 37